Namleta Kama Alivyo

Jumatatu, 3 Machi

Baba amekuja tena leo. Bomba la jikoni. Wiki iliyopita lilikuwa bomba la bafuni, kabla ya hapo tangi la choo, na kabla ya hapo bawaba za mlango wa nyuma. Nyumba hii imesimama imara miaka yote ambayo hakuwepo. Amerudi tu mjini, imeanza kufumuka kama kaptula ya mwanafunzi!

Kaingia kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi. Kamsalimu Mama, Mama kaitikia bila kugeuka. Kisha kapiga magoti chini ya sinki, na Mama kasimama nyuma yake kama mkandarasi. Hapo. Siyo hapo, juu zaidi. Fundi, macho yako umeyaacha wapi? Na Baba, kichwa kikiwa ndani ya kabati: ndiyo, mama. Sawa, mama. Nimelala kwenye kochi kwa kicheko, mto mdomoni.

Mama humwita Fundi. Jina lake analijua vizuri sana, maana amewahi kulitaja na laana juu yake.

Akimaliza hupewa chai. Kikombe cha bati, kwenye ngazi ya nje. Sebuleni hajakaa hata mara moja tangu arudi. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemkaribisha pia.

Jambo moja nataka nilikumbuke. Akishafunga kila kitu hutoa leso yake mwenyewe mfukoni, akafuta sinki mpaka ing'ae, akafuta na sakafu pale alipopigia magoti. Halafu humtazama Mama. Mama hutazama dirishani.

Aliondoka nikiwa darasa la tano. Alikwenda kufunga mabomba ya hoteli mji mwingine, kazi ya msimu mmoja. Msimu gani huo! Akaanzisha nyumba nyingine hukohuko, ikavunjika hukohuko, amerudi mimi nina mvi. Mama alikuwa anapika shuleni, ndivyo tulivyokula. Basi, nisijitie uchungu usiku huu. Nina makosi ya mashati ya kushona kesho.


Jumatano, 5 Machi

Darasa la ubatizo. Tunakutana kile chumba cha nyuma ya kanisa, penye mabenchi mabovu na ngoma iliyopasuka. Mchana mimi ni fundi cherehani kwenye kiwanda kidogo cha sare za shule, Jumatano jioni nageuka Mwalimu. Mwaka huu nina wanafunzi wanne: mabinti wawili wa saluni, dereva wa teksi, na baba yangu mzazi.

Alijiandikisha bila kuniambia. Siku ya kwanza nilipomwona mlangoni nilidhani amekuja kutengeneza bomba la kanisa! Nikamwonyesha lilipo. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Nimekuja kusoma." Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu, hata nyumbani. Na mimi namwita Mzee. Tunaheshimiana kama watu wa ofisi, si baba na binti yake.

Leo nimeuliza lile swali kubwa. Mtu anahesabiwaje kuwa na haki mbele za Mungu? Mabinti wakaimba: kwa neema, kwa njia ya imani, si kwa matendo. Dereva akadandia katikati kama abiria aliyechelewa.

"Na wewe, mzee?"

"Mwalimu, nikisema hivyo nitakuwa nakariri tu. Mimi najua kazi. Fundi haitwi kwa mtu kwa sababu ana sura nzuri."

Dereva alicheka mpaka akakohoa.

Nikamletea mwizi wa msalabani. Hakutengeneza kitu yule. Hakurudisha alivyoiba, hakuomba msamaha kwa jirani, hakufagia hata kanisa. Aliomba akumbukwe, na siku ileile akapokelewa. Nikajiona nimemfunga bao.

Baba akafikiri, akasugua magoti. "Yule mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, Mwalimu. Angefanya kazi na nini? Mimi yangu iko huru." Akaiinua tuione. Mikubwa, kucha nyeusi, kidole kimoja kimepinda.

Nikasema tutaendelea wiki ijayo. Njiani nilicheka peke yangu, watu wakanikwepa.


Ijumaa, 7 Machi

Mama anasema bomba la jikoni linavuja tena.

Nikamwambia si Fundi alilifunga Jumatatu? Akasema mafundi wa siku hizi ni wa kulipua tu. Fundi mwenyewe ana miaka sabini na kitu, hizo siku hizi zake zilianza lini?

Alikuwa na uso wa mtoto aliyemaliza sukari. Sijui ana nini.


Jumapili, 9 Machi

Mchungaji kala kwetu. Kijana mzuri, hajaoa, na anakula kama anayehama nyumba. Mama anampenda kwa hilo. Mpishi wa shule hampendi mtu anayechokoa chakula.

Baada ya sahani ya pili akatoa lake. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mabinti wana mama yao wa kuwaleta, dereva ana mke wake. Baba hana mtu.

Kanisani kwetu anayebatizwa haendi mbele peke yake. Anashikwa mkono na msimamizi, na msimamizi husema mbele ya wote, "Namleta kama alivyo." Ndiyo hayo tu. Hamsifii, hasemi amebadilika, hasemi ni mwenye bidii. Anayeongeza neno, Mchungaji humrudisha mwanzo. Mwaka jana mzee mmoja alimsifia mkwewe, akarudishwa mara mbili, kanisa zima likavunjika mbavu. Na asiye na msimamizi husubiri mwaka mwingine.

Mchungaji alishamuuliza Baba. Kajibiwa kwamba bado kuna kazi nyumbani kwetu haijaisha. Ikiisha, ndipo atakuwa na uso wa kumwomba mtu.

Mama akainuka kufuata maji ambayo yalikuwa mezani.

Mchungaji akanitazama juu ya kijiko. "Na wewe je, Mwalimu?" Nikasema mwalimu hawezi kumleta mwanafunzi wake. Akauliza sheria hiyo imetoka wapi. Nikasema nina sare nyingi mwezi huu.


Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Umeme ulikatika kiwandani, tukaruhusiwa mapema. Naingia jikoni, naona miguu miwili ya Mama imetoka chini ya sinki. Nikajua ameanguka! Nikapiga ukelele. Akashtuka akagonga kichwa kwenye kabati, akanitukana tusi ambalo sitaliandika, yeye mama wa kwaya!

Ana spana mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Nalegeza."

Hivihivi. Nalegeza. Kama mtu anayesema nachambua mchele.

Spana ni ya Baba. Eti aliisahau. Haikusahauliwa, iliibwa mfukoni mwake na imekuwa ikilala ndani ya debe la unga. Tangi la choo alilegeza yeye. Bafuni yeye. Bawaba alizifungua kwa kisu cha mkate, akakipinda, akakitupa, na mimi nikaulizwa kisu kiko wapi!

Nilimkalisha. Nikamwekea maji baridi kwenye nundu. Nikamuuliza kwa nini.

"Sasa akimaliza vyote atakuja kwa sababu gani?"

"Si umwambie tu aje?"

"Aje kufanya nini? Akae? Mwanaume yule hajui kukaa. Nikimwambia karibu kiti, atadhani namtega." Akajipapasa nundu. "Na akikataa, mimi nitaficha wapi uso wangu?"

Basi nikauliza lile ambalo hatujawahi kuulizana. Umemsamehe?

Akasema zamani. Kabla hata hajarudi. Siku moja alikuwa anakoroga sufuria kule shuleni, akataka kumkasirikia kama kila siku, akaitafuta hasira hakuiona. Akaitafuta tena kesho yake. Haikuwepo. Akaona ni kheri, akaendelea kukoroga.

"Hivyo tu? Bure? Hata kabla hajakuomba?"

"Angeniomba kitu gani ambacho alikuwa hajapewa?"

Ameniapisha nisimwambie Baba. Nimeapa, mkono juu. Tumecheka wote wawili hadi machozi, yeye na nundu yake. Nampenda mwanamke huyu hadi naumwa.

Lakini nimeingia chumbani, nimefunga mlango, na kicheko kimekwisha ghafla.


Jumatano, 12 Machi

Nimefundisha neema leo kama muuza samaki asiyekula samaki.

Bure! Miaka yote ile, bure. Hakuomba hata.

Niandike ukweli, hapa hapana mtu. Nikimwona amepiga magoti chini ya sinki, najisikia vizuri. Napenda vile anavyosema ndiyo, mama. Napenda kikombe cha bati. Kila anapofuta sakafu kwa leso nasema moyoni, endelea, mzee, bado. Na sasa nasikia kwamba hesabu hiyo nilikuwa naifanya peke yangu. Mwenye mali alishafuta zamani, mimi ndiye nimebaki mlangoni na rungu.

Mganga hajigangi, walisema. Kweli.


Jumamosi, 15 Machi

Mama kwaya. Baba jikoni, nati ileile.

Akaniita. "Mwalimu, njoo uone." Nikachuchumaa karibu yake. Kichwa chake kinanuka sabuni ya kufulia. Akamulika na tochi. Kwenye nati, mikwaruzo mipya inayong'aa.

"Unaona haya? Ni meno ya spana. Nati hazijifungui, mwanangu." Akasita. "Mwalimu."

Nikajifanya sielewi.

"Ni mama yako. Nilijua tangu lile tangi la choo." Hakuwa na hasira hata chembe. Alitabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyepewa nguo isiyomtosha na hataki kumuudhi aliyempa. "Ananirudishia kazi. Haijamtosha. Wewe si unafumua mshono mbovu? Ndiyo hivyo. Ni haki yake. Siku atakapoacha kulegeza, ndipo nitajua amenisamehe."

Ee Mungu wangu!

Yeye anasubiri aache. Na Mama hataacha, kwa sababu analegeza ili amwone. Wanaweza kuendelea hivi mpaka nati ziishe meno na wao waishe pumzi.

Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu, Mzee, si hivyo. Sikusema. Niliapa, ni kweli. Lakini si kiapo kilichonifunga mdomo, najijua.

Akakaza nati. Akafuta sinki. Nikampa chai mimi mwenyewe, na nikampa kwenye ngazi ya nje.


Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kwenye Meza ya Bwana leo. Wenzangu wamepanga mstari, mimi nimekaa. Mama aliponipita alinikata jicho, kisha akanigusa bega.


Jumatano, 19 Machi

Mchungaji kaja darasani kuwapima. Mabinti wamejibu vizuri, mmoja kalia bila sababu. Dereva kachanganya manabii na mitume lakini kwa moyo mkunjufu, kapita.

Baba alisimama. Nimemwambia hakuna haja ya kusimama, akasimama. Akaulizwa swali lilelile. Nikawa naangalia ngoma iliyopasuka.

Akasema anaamini Yesu alikufa kwa ajili yake. Hilo hana shida nalo, usiku huomba na husikia amani. "Kwa Mungu naamini inawezekana, Mchungaji. Yeye ni Mungu. Ila duniani sijaona mtu akipokelewa hivihivi. Kwa hiyo naliamini kama mtu anavyoamini nchi ambayo hajafika."

Mchungaji akasema hilo ni jibu bora kuliko alilotoa yeye chuoni. Akampitisha! Kisha akauliza nani anamleta.

"Bado, Mchungaji."

Na asipopatikana mtu?

Basi hapo Baba akasema jambo ambalo hatukulijua. Anapopanga, kile chumba nyuma ya gereji, kinabomolewa mwisho wa mwezi. Ana mpwa wake mbali, siku mbili za basi, amemwambia aje. Akishindwa Jumapili hiyo, Jumatatu atasafiri. Akasema kwa utani kwamba na huko kuna mabomba pia. Hakuna aliyecheka, hata dereva.

Sijamwambia Mama. Nimefika nyumbani nimemkuta anaimba, spana imezama kwenye unga hadi mpini.


Ijumaa, 21 Machi

Nimeshona makosi matatu kinyume. Matatu! Nimeyafumua yote.

Mchana, saa ya mapumziko, Mchungaji kaja kiwandani kuongezewa suruali kiunoni. Anadai imepungua ilipofuliwa. Nikampandisha juu ya kiti, nikaanza kumbana na pini, na kwa kuwa hawezi kukimbia nikamwambia kila kitu. Spana, unga, nati, kiapo. Na lile langu.

"Usinichome sindano kwa makosa ya baba yako," akasema.

Nikamwambia nisaidie, usinichekeshe.

Akafikiri, mikono hewani. Akasema anavyoona yeye, sina hasira na Baba tena, au siyo nyingi. Nina hasira na Mama, kwa kugawa bure kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipangia bei. Na akasema hata yeye neema huwa haimpendezi ikienda kwa mtu asiyempenda, huwa anatamani itolewe kwa foleni.

Nikauliza nifanye nini. Akasema hajui, ila suruali inambana. Nilikuwa nimeivuta mpaka karibu na makwapa, maskini.


Jumanne, 25 Machi

Nimevunja kiapo. Mungu na Mama wanisamehe, kwa mpangilio wowote.

Nilikwenda kwake jioni. Nyuma ya gereji, unapita kati ya magari yasiyo na magurudumu. Sijawahi kufika. Kitanda, birika, kiti kimoja, mfuko wa vifaa umeshafungwa kamba. Ukutani picha yangu ya darasa la nne, sare imenipwaya, jino moja halipo. Sikujua anayo. Akanipa kiti. Yeye akasimama, kwenye chumba chake mwenyewe!

Nikasema harakaharaka, kama mtu anayebandua plasta. "Mama hakurudishii kazi. Analegeza ili uje."

Hakuelewa. Nikarudia polepole. Nikamweleza habari ya sufuria na hasira iliyopotea.

"Tangu lini?"

"Kabla hujarudi."

Akakaa kitandani taratibu, akishika ukingo, kana kwamba kitamkimbia. "Kwa hiyo zile bawaba..."

"Ulikuwa umeshasamehewa."

"Na lile tangi?"

"Na tangi."

"Na mimi nimelala chini ya lile sinki na mgongo huu—" Hakumaliza. Akajifunika uso kwa kofia. Mabega yalikuwa yanatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Vyote viwili nadhani. Nilitaka kumgusa. Mkono ulifika nusu ya njia.

Alipotoa kofia akanitazama. Akauliza kwa upole, wala hakuniita Mwalimu. "Na wewe, mama?"

Nikasema nina kazi inanisubiri. Nikaondoka. Nimetembea mbio mpaka kiatu kikakatika.


Alhamisi, 27 Machi

Mama kanisoma usoni kabla sijavua koti. Nimemwambia yote, hata safari ya kwa mpwa.

"Umenivua nguo barabarani!" Akazunguka jikoni, akapanga sahani zilizokuwa zimepangwa. Nikaomba radhi. Akasema radhi hailiwi. Akazunguka tena. Kisha, mgongo ukiwa kwangu:

"Alilia?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwambia mabega yalitikisika. Akasema hmm. Baadaye nikamwona anajiangalia kwenye kioo cha dirisha, anaweka kilemba sawa.

Lakini Baba hajaja. Jumatano hakuja darasani. Bomba linavuja, tumeweka beseni. Mama kila mara anageukia mlango wa nyuma. Sasa amejua kwamba hana lazima ya kuja, na hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya Mama tangu mwanzo. Nimefanya nini mimi?


Jumamosi, 29 Machi

Hajaja.

Mama ameitoa spana kwenye unga, ameiosha, ameiweka mezani. Haigusi. Tunakula tukiizunguka.

Mchungaji kapiga simu. Jina la Baba bado limo, hakuna aliyelifuta. Anauliza nani anamleta. Nikamgeukia Mama, nikamwomba: mlete wewe. Wewe ndiye uliyesamehe.

"Mimi yangu nilimaliza jikoni," akasema. "Kanisani ni kazi yako. Au unataka nikusamehee na ya kwako?"

Nimepiga pasi gauni langu, nimepiga na la kwake. Nimepiga pasi hata vitambaa vya meza.


Jumapili, 30 Machi

Naandika nikiwa nimevaa viatu.

Amekuja! Na amegonga mlango wa mbele. Tulitazamana na Mama, maana mlango ule hugongwa na wageni na watoza michango tu. Mama akaenda. Mimi nikabaki kwenye mlango wa chumba changu, naona kila kitu.

Shati jeupe, halijapigwa pasi vizuri, kosi limekunjika upande mmoja. Mikono mitupu. Kofia nayo hakuja nayo.

Wakasimama. Mama, ambaye hana siku aliyowahi kukosa neno, akafuta kitasa cha mlango kwa kiganja. Mwishowe:

"Fundi, bomba linavuja."

"Nalisikia."

"Mbona hukuja na mfuko?"

"Sikuja na mfuko."

Mama akageukia sebule. Akanyoosha mkono, akamwonyesha kiti. Kile chenye mito. Baba akakiangalia muda mrefu, akakaa ukingoni kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Mama akamwambia kiti kina nyuma pia. Akajisogeza. Akapewa chai, kikombe na kisosi, akakosa pa kuweka mikono, kisosi kikawa kinalia.

Na bomba linadondoka. Tunalisikia sote watatu. Linavuja kweli, siku zote hizi halijakazwa. Kila tone likigonga beseni, goti la Baba linaruka. Akauliza beseni ni kubwa? Mama akasema kubwa. Akauliza limejaa? "Ukiinuka nakuvunja mguu," akasema Mama, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyowahi kuisikia kwenye kwaya.

Hajainuka. Anasikia maji yanamwagika na amekaa. Sijui kama Mchungaji anaweza kulihubiri hilo.

Kengele ya kwanza imelia.

Baba alikuja hadi mlangoni kwangu, hakuingia. Akasema kama ni vigumu, nisijisumbue, yeye atakwenda tu akae nyuma asikilize wengine wanavyoletwa. Hiyo inamtosha. Safari ya kesho ameifuta, Mama kasema kile chumba cha stoo kinaweza kuhamishwa vitu. Baba kasema hayo kwa uso wa mtu anayepewa zawadi ya pili wakati ya kwanza bado hajaifungua. Nikamwambia nipe dakika moja.

Imeshapita dakika moja.

Nimejaribu kuyasema peke yangu, hapa mbele ya kioo. Namleta, hilo linatoka. Kama alivyo. Hapo ndipo pananikwama, maana alivyo ni pamoja na ile miaka yote, na mlango wa shule nilipomsubiri siku ya mwisho wa muhula hadi mlinzi akafunga geti. Nataka kuongeza neno. Namleta kama alivyo, lakini. Namleta kama alivyo, ingawa. Nitarudishwa mwanzo na kanisa zima litacheka.

Nikachomeka pasi. Nilijiambia nitanyoosha kosi lake kwanza. Fundi cherehani hawezi kumpeleka baba yake mbele za watu na kosi lile! Nikamwita, nikamwambia vua shati. Akaanza kufungua vifungo bila kuuliza, kwa vile vidole vyake vikubwa, haraka, kwa utii uleule wa chini ya sinki. Ndiyo, mama. Sawa, mama. Shingo yake imekonda sana, sikuwa nimeiona hivyo.

Nikamwambia aache. Afunge vifungo.

Pasi nimeichomoa. Kosi bado limepinda. Baba amesimama katikati ya sebule, hajui amekosea nini, na Mama anauliza kwa sauti kubwa kama tunakwenda kanisani au tunahamia humu.

Kengele ya pili.

Nimewafundisha watu miaka yote hii na leo sikumbuki. Msimamizi humshika mkono wa kulia au wa kushoto? Ngoja nikamuulize Mama.